Namba tasa na vigawo tasa: daftari likirudi na makosa, anzia wapi?

Jioni, daftari za hisabati zikifika mezani kwangu kwenye twisheni, sihitaji kuzisoma zote ili nijue kuna nini. Makosa ya namba tasa ni yale yale mwaka hadi mwaka. Mtoto wa darasa la tano anaiita 9 tasa, wa darasa la saba anaapa kuwa 91 haigawanyiki, na mzazi mmoja mhasibu ananiandikia saa tatu usiku kuuliza kwa nini 1 ya mwanawe imekatwa. Nimeyapanga hapa kwa dalili, kama fundi pikipiki anavyofanya kazi: unamweleza inavyolia, naye anaanza na plagi kabla hajafungua injini. (Wasomaji wa Kenya, kila ninapoandika "namba" ninyi someni "nambari". Kitu ni kimoja.)

Karibu kila tatizo hapa chini lina mzizi mmoja: mtu ameitazama namba badala ya kuigawa. Namba tasa haina sura. 91 inaonekana ngumu na inavunjika, 97 inafanana nayo na haivunjiki.

Kipimo cha awali

Mpe mtoto vizibo 12 vya soda, mwambie avipange katika mistari yenye idadi sawa. Atapata mstari mmoja wa 12, au miwili ya 6, au mitatu ya 4. Mpe 7. Atahangaika, atajaribu miwili, kitabaki kizibo kimoja. Atajaribu mitatu, kitabaki kimoja tena. Mwishowe atavinyoosha vyote katika mstari mmoja mrefu. Hiyo ndiyo tasa: namba yenye vigawo viwili tu (namba zinazoigawa bila kubakiza kitu), 1 na yenyewe.

Simama hapa kama mtoto hajui jedwali la kuzidisha kuanzia la 2 hadi la 10. Usiendelee na vigawo tasa hata kama mtihani ni wiki ijayo. Kuvunja namba ni kugawanya, na kugawanya bila jedwali ni kubahatisha. Mrudishe kwenye jedwali wiki mbili, ndipo uje huku.

Dalili: orodha ya namba tasa inasomeka 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15

Hii ndiyo inayoongoza, na sababu yake ya kila siku ni kuchanganya tasa na witiri (isiyogawanyika kwa 2). Maneno hayo hufundishwa karibu karibu, pamoja na shufwa (inayogawanyika kwa 2), na mtoto anayasikia kama watoto wa mama mmoja. Mwulize tu: "9 ina vigawo gani?" Akijibu "1, 3 na 9", kisha akatulia na kukutazama, ujue ameshajitibu. Akijibu "1 na 9" basi, mrudishe kwenye vizibo: tisa hupangika tatu kwa tatu.

Sababu ya pili ni tawi la hiyo ya kwanza: ameiacha 2. Kichwani mwake tasa lazima iwe witiri, kwa hiyo 2 imefukuzwa. Kumbe 2 ni tasa, na ndiyo shufwa pekee iliyo tasa, kwa sababu kila shufwa nyingine imebeba 2 ndani yake.

Sababu ya tatu ni kuiweka 1. Hapa usimkemee upesi, maana amekosea pamoja na wakubwa. Mwanahisabati Goldbach alipomwandikia mwenzake Euler barua mwaka 1742 aliihesabu 1 kuwa tasa, na orodha ndefu ya namba tasa iliyochapishwa na Lehmer mwaka 1914 ilianza na 1. Leo imetolewa. Darasani tunasema ina kigawo kimoja, na sharti ni viwili. Lakini yule mhasibu hakuridhika na hilo, na alikuwa na haki. Sharti limetoka wapi? Limetoka kwenye jambo hili: kila namba nzima inayozidi 1 huvunjika kuwa namba tasa kwa namna moja tu. 12 ni 2 × 2 × 3, basi. Ukiikaribisha 1, basi 12 itakuwa pia 1 × 2 × 2 × 3, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3, na hutafika mwisho. Mtu anayefunga hesabu kila mwezi alinielewa mara moja. Hakuna anayetaka daftari lenye majibu yasiyo na idadi.

Kuna sababu ya nne, ndogo, nimeikuta kwa watoto waliokulia kwenye mifugo. Wanalijua neno tasa vizuri kuliko wa mjini: mbuzi tasa hazai. Basi wanadhani namba tasa haiwezi kuzidishwa. 7 × 3 ni 21, hakuna tatizo lolote. Kilichoshindikana ni kuivunja 7. Na jina lenyewe lina kejeli, maana hizi zinazoitwa tasa ndizo zilizozaa namba nyingine zote.

Tiba moja kwa sababu zote nne ni chekeche. Ni kazi ya Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, aliyefanya kazi Aleksandria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Andika 1 hadi 100, mistari kumi ya kumi. Kata 1. Zungushia 2, kisha kata vigawe vyake vyote: 4, 6, 8, hadi 100. Zungushia 3, kata vyake. Kisha 5, kisha 7. Acha hapo, zilizobaki bila kukatwa ni tasa. Lazima zitimie 25 pamoja na hizo nne ulizozungushia. Ukipata 26, tazama 91 kwanza. Ukipata 24, tazama kama 2 ilikatwa pamoja na watoto wake.

Dalili: 51, 57, 87 au 91 imeandikwa kuwa tasa

Mwenye dalili hii ameshaelewa tasa ni nini. Ana haraka tu, au ana kipimo kimoja anachokitegemea kwa kila namba.

Mara nyingi ameangalia tarakimu ya mwisho peke yake. Haikuishia na 0, 2, 4, 6, 8 wala 5, akasema imepita. Hicho kinaondoa 2 na 5 tu. Kipimo cha 3 hakitazami mwisho, kinajumlisha tarakimu zote: 5 na 1 ni 6, 6 inagawanyika kwa 3, basi 51 inagawanyika, ni 3 × 17. 8 na 7 ni 15. 87 ni 3 × 29. Kuhusu 57, mwambie mtoto asione aibu. Inasimuliwa kuwa Alexander Grothendieck, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, alipotakiwa atoe mfano wa namba tasa alitaja hiyo hiyo 57. Ni 3 × 19.

Wa pili kwa wingi ni yule aliyepima 2, 3 na 5, akaiacha 7 kwa kuwa haina njia ya mkato aliyofundishwa. Njia ipo: chukua tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, uitoe kwenye zilizobaki. Kwa 91, 9 kutoa 2 ni 7, basi inagawanyika. Mimi siipendi. Mtoto anayekumbuka njia hiyo hakumbuki kutoa au kujumlisha, na kugawa kwa mkono ni haraka zaidi: 7 mara 10 ni 70, imebaki 21, 7 mara 3. Jibu 13. Imeisha.

Habari njema ni kwamba chini ya 100 walaghai wenyewe ni wachache. Ukishaondoa zinazogawanyika kwa 2, 3 na 5, zisizo tasa zinazobaki ni tatu tu: 49, 77 na 91. Mtoto anayezijua hizo tatu hakosei tena hadi 100. Kutoka 100 hadi 200 zinaongezeka saba: 119, 121, 133, 143, 161, 169 na 187. Tatu kati yake zina 11, na zinajitaja zenyewe: kwa namba ya tarakimu tatu, jumlisha za pembeni, na ukipata ile ya katikati, inagawanyika kwa 11. 1 na 7 ni 8, katikati pana 8, basi 187 ni 11 × 17. Vivyo hivyo 121 na 143. (Tofauti ikiwa 11 kamili pia inagawanyika, kama 209: 2 na 9 ni 11, katikati 0.)

Dalili: ameulizwa vigawo vya 12, ameandika 12, 24, 36, 48

Kosa la irabu moja. Kigawo na kigawe. Nimeona watoto wenye akili nzuri kabisa wakipoteza alama kwa ajili ya o na e. Dawa yangu ni ya kienyeji: kigawo huwa kidogo au sawa na namba, kigawe huwa kikubwa au sawa na namba. Vigawo vina mwisho, ukivitafuta utavimaliza: 1, 2, 3, 4, 6, 12. Vigawe havimalizwi.

Baada ya hapo huja mchanganyo wake mkubwa, KKS na KDS. Kigawo Kikubwa cha Shirika huwa namba ndogo, na Kigawe Kidogo cha Shirika huwa namba kubwa. Majina yanavuta huku, majibu yanakwenda kule. Mtoto anayechanganya hapa ana sababu. Cheki ya haraka kabla ya kuangalia kazi yenyewe: KKS haiwezi kuzidi namba ndogo kati ya ulizopewa, na KDS haiwezi kupungua chini ya ile kubwa. Jibu likivunja sharti hilo, amebadilisha.

Ikiwa sharti limetimia na bado jibu ni kosa, fungua vigawo tasa. 36 ni 2 × 2 × 3 × 3. 60 ni 2 × 2 × 3 × 5. Zilizopo kwa wote wawili: 2, 2, 3. KKS ni 12. Kwa KDS, chukua kila tasa pale ilipojitokeza mara nyingi zaidi: 2, 2, 3, 3, 5, yaani 180. Kosa linalojirudia hapa ni kuzidisha kila kitu kilichoandikwa, akapata 2,160, ambayo ni kigawe cha shirika kweli, ila si kidogo. Cheki ya mwisho: KKS mara KDS lazima iwe sawa na namba mbili zenyewe zikizidishwa. 12 × 180 ni 2,160, na 36 × 60 ni 2,160. Angalizo: hii ni kwa namba mbili tu. Zikiwa tatu, usiitumie, itakudanganya.

Namba zikiwa hazina tasa ya pamoja, KDS ni kuzidisha moja kwa moja. Marekani kuna nyenje, wale wadudu wa kupiga kelele mitini, ambao hukaa ardhini miaka 13, na wengine 17, ndipo hutoka wote kwa pamoja. Mwaka 2024 kundi moja la miaka 13 na moja la miaka 17 yalitoka mwaka mmoja. Mara ya mwisho makundi hayo mawili kukutana ilikuwa 1803. 13 × 17 ni 221. Toa kwenye 2024 uone.

Dalili: vigawo vikizidishwa, namba ya mwanzo hairudi

Kabla ya kutafuta kosa liko wapi, mfundishe mtoto kuliona mwenyewe: kila ukimaliza kuvunja, zidisha urudi. Watoto wengi hawafanyi. Wanadhani mwalimu ndiye wa kusahihisha.

Sababu nazozikuta, kwa mpangilio wa wingi:

Tasa iliyojirudia imeandikwa mara moja. Anavunja 360 vizuri kabisa kwa ngazi: kwa 2 anapata 180, kwa 2 anapata 90, kwa 2 anapata 45, kwa 3 anapata 15, kwa 3 anapata 5, kwa 5 anapata 1. Pembeni zimesimama 2, 2, 2, 3, 3, 5. Kisha chini anaandika "2 × 3 × 5", yaani 30. Ukimwuliza, anasema swali limetaka vigawo tasa na yeye amevitaja vyote. Na kweli kavitaja. Swali la kuvitaja na swali la kuiandika namba kama zao la vigawo tasa ni maswali mawili. Msome naye swali tena, polepole.

Kipeo kimegeuzwa kuzidisha. 72 ni 2³ × 3². Anapohakiki, anasoma 2³ kama 2 × 3, anapata 6, na 3² anapata 6 nyingine, zao lake 36, anachanganyikiwa na kufuta kazi iliyokuwa sahihi. 2³ ni 2 × 2 × 2, nayo ni 8. 8 × 9 ni 72. Mtoto wa namna hii mwache aandike kwa urefu, bila vipeo, mwezi mzima.

Sifuri imemezwa wakati wa kugawa. Hii ni ya kimyakimya, na ndiyo inayonichukulia muda mrefu kuiona. Juzi tu nimeshika daftari lililosema 618 ni 2 × 3 × 13. Ngazi yake ilikuwa nzuri kwa macho: 618 kwa 2, 39, 39 kwa 3, 13, 13 kwa 13, 1. Kila mstari wa chini uko sawa. Kosa liko mstari wa kwanza: 6 kwa 2 ni 3, halafu 1 kwa 2 haiwezekani, na hapo alipaswa kuweka 0 kabla ya kuichukua 18. 309, si 39. Kazi sahihi ni 2 × 3 × 103. Angalizidisha 2 × 3 × 13 angepata 78 na kugundua pale pale.

Mti wa vigawo (kuvunja namba kwa matawi) umeachwa na tawi ambalo halijaisha. Anavunja 60 kuwa 4 × 15 na kuishia hapo. Zungushia kila tasa kwa kalamu nyekundu. Tawi lisilo na duara halijaisha. Na mwambie asishangae mwenzake akianza na 6 × 10 au 5 × 12: miti ni tofauti, majani ni yale yale, 2, 2, 3, 5.

Nadra, lakini ipo: ameweka alama ya kujumlisha badala ya kuzidisha.

Simama na utafute msaada kama mtoto huyo huyo kila mara ananakili 69 kuwa 96, au 12 kuwa 21, au kazi ya ubaoni inafika kwenye daftari ikiwa tofauti. Hilo si tatizo la vigawo. Anza na macho, apimwe. Macho yakiwa sawa, zungumza na mwalimu wa elimu maalumu. Kumpa maswali mengine hamsini ni kumtesa.

Dalili: "nagawa na kugawa, sijui nisimame wapi"

Huwa nawapa watoto zoezi la kuvunja miaka ya kuzaliwa ya watu wa nyumbani. Wanalipenda, na namba ni kubwa kiasi cha kutosha kufichua mahali wanaposimama. Binti mmoja alileta wawili: babu wa 1943, bibi wa 1949. Kote alijaribu 2, 3, 5, 7, 11 na 13, ikabaki baki, akaandika "tasa" mara mbili.

Nikamwambia, "Bibi umempata. Babu bado."

"Mwalimu, mbona nimewafanyia sawasawa?"

Ndipo penyewe. Kwa bibi jibu lilikuwa sahihi kwa bahati. Tukaendelea na babu: 17 inabakiza 5, 19 inabakiza 5, 23 inabakiza 11, 29 mara 67 ni 1943. Babu akagawanyika. Kwa bibi tulipita 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, na kila moja ikabakiza kitu. Iliyofuata ni 47, na 47 × 47 ni 2,209, imeshaipita 1949. Tukasimama.

Kusimama hapo kuna sababu. Vigawo huja viwili viwili, mmoja akiwa mdogo mwenzake mkubwa. Wote wawili wakizidi 43, mdogo wao angekuwa walau 47 (tasa inayofuata), na zao lingeanzia 2,209. Kwa hiyo kama 1949 ingekuwa na kigawo kikubwa, mwenzake mdogo tungeshamkuta. Kanuni yenyewe ni fupi: jaribu namba tasa tu, ukipanda, hadi tasa ikizidishwa kwa yenyewe iipite namba yako. Wenye kipeuo cha pili kwenye kikokotoo wanaweza kuanza nacho.

Upande wa pili wa dalili hii ni anayejaribu 4, 6, 8, 9, 10. Anapoteza muda. Kama 2 imeshindwa, 4 haiwezi kufaulu.

Dalili: "Nimegundua kanuni ya namba tasa"

Hii ni ya watu wazima, na huja kwa WhatsApp. Sababu kuu: mifano michache ya mwanzo imekubali, mtu akaamini mingine yote itakubali. Usibishane kwa maneno, tafuta namba moja inayokataa.

"Kila tasa juu ya 3 iko pembeni ya kigawe cha 6." Kweli. Lakini anaigeuza, anasema kila iliyo pembeni ya kigawe cha 6 ni tasa. 25 iko pembeni ya 24. "Zidisha namba tasa za mwanzo, ongeza 1, utapata tasa." Inakubali hadi ukifika 13, ambapo unapata 30,031, nayo ni 59 × 509. "31, 331, 3331, 33331, zote ni tasa." Zinakubali mpaka tatu zikiwa saba, zikiwa nane, 333,333,331 ni 17 × 19,607,843. Wakubwa nao walinaswa. Fermat aliamini kuwa 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni tasa. Mwaka 1732 Euler akaigawa kwa 641 na haikubakiza kitu.

Hapa pia ndipo watu hunitumia picha ya mfupa wa Ishango, mfupa wa kale wenye mikato, uliochimbuliwa mwaka 1950 upande wa Congo, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edward. Una umri unaokadiriwa miaka 20,000 hivi, na safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19, tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Ningependa sana iwe kweli kwamba wazee wa ziwani walizijua. Ila safu nyingine ya mfupa huo huo ina 11, 21, 19 na 9. Huwezi kuijua tasa kabla hujajua kugawanya, na mikato pekee haionyeshi nani aligawanya.

Dalili: kikokotoo kinasema inagawanyika, mkono unakataa

Chukua kile kikokotoo cha dukani chenye nafasi nane. Gawa 99,999,999 kwa 7. Kitaonyesha 14285714, bila kitu baada ya nukta, bila baki, safi kabisa. Zidisha urudi: 14,285,714 × 7 ni 99,999,998. Baki ilikuwapo, kioo kiliishiwa nafasi. Namba ikifika tarakimu nane, kikokotoo cha namna hiyo si shahidi wa kuaminika.

Ukiwa na kompyuta ya Linux, fungua dirisha la amri, andika factor, acha nafasi, kisha namba yako. Kwa 99999999 italeta 3 3 11 73 101 137. Kwa namba za kawaida za shuleni jibu linafika kabla hujainua kidole. Ila ukiipa yenye tarakimu mia, usikae kuisubiri. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake Marekani na kuonyesha kuwa 2⁶⁷ − 1 ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Hiyo ina tarakimu 21 tu, na leo kompyuta ndogo inaimaliza papo hapo. Lakini namba ya tarakimu 250 iitwayo RSA-250, zao la namba tasa mbili, ilivunjwa Februari 2020 kwa kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa miaka 2,700 hivi.

Ugumu huo ndio unaolinda baadhi ya funguo za siri mtandaoni, na hapo ndipo pa kuweka kalamu chini. Kama unajenga programu ya kupokea malipo na umefikiria kuchagua namba zako mbili tasa, kuzizidisha na kujitengenezea ufunguo mwenyewe, acha. Tumia maktaba ya usimbaji iliyokwisha kukaguliwa, na mwite mtu wa usalama wa mitandao aangalie ulivyoifunga. Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa fundi programu, alinionyesha ufunguo wake wa kujitengenezea kwa fahari. Nilichukua namba yake nikaiingiza kwenye factor. Zilitoka zote mbili, kila moja ikiwa na tarakimu sita, kabla hajamaliza kuvuta kiti.